Nani Alimpa Glasi ya Kwanza?

Haya, sogeeni karibu. Mama mwenye samaki jikoni, punguza moto kidogo. Baba unayejifanya huna habari na ukurasa huu, najua utausoma ukishamaliza michezo. Leo hatuna mawifi wasiosalimiana wala bwana aliyesahau njia ya nyumbani. Leo ni watoto wetu na pombe, hapa hapa kwetu Kwale, kuanzia Ng'ombeni hadi Vanga.

Wazazi wa huku, wawe wa Ukunda, wa Msambweni au wa Kinango, wana swali moja: "Dada, hawa watoto pombe wanaitoa wapi?" Na anayeuliza hutazama barabarani, utadhani kuna mgeni atakayeshuka kwenye matatu na begi la chupa. Watalii watatajwa. Hoteli za Diani zitatajwa. Vijana wa ufukweni watatajwa. Kila mtu atatajwa, isipokuwa sisi.

Mimi nitawajibu bila kuwapaka mafuta: wanaitoa kwetu. Glasi ya kwanza ya mtoto mara nyingi haitoki baa. Hutoka mkononi mwa mtu anayemwita kwa jina: mjomba aliyetaka kumchekesha harusini, binamu aliyemaliza kidato cha nne, babu aliyemtuma na dumu, jirani aliyeacha chupa mezani akaenda kulala. Basi kama aliyempa ni mtu wake, wa kumkinga pia ni watu wake. Sheria itasaidia na polisi watasaidia, lakini wao hufika baadaye. Sisi tulikuwepo tangu mwanzo.

Hali ilivyo

Mwaka 2022, NACADA, ile mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ilitoa utafiti wake wa nchi nzima. Pwani ilishika nafasi ya pili kwa unywaji wa pombe, nyuma ya eneo la Magharibi. Hapo utasema, "Hao ni watu wazima, waacheni na maisha yao." Sawa. Lakini utafiti huo huo ulikuta kwamba umri mdogo kabisa wa mtu kuanza kuonja pombe nchini ni miaka 7.

Miaka saba, jamani. Huyo ni mtoto wa gredi ya pili. Meno ya mbele yametoka, mapya hayajaota. Hana pesa ya bia, hana kitambulisho, na kitasa cha mlango wa baa hakifikii. Hawezi kuwa ameitafuta mwenyewe. Ama alipewa, ama aliachiwa mahali mkono wake unapofika.

Na umri wa kuanza una uzito wake. Huko Marekani, watafiti wawili, Bridget Grant na Deborah Dawson, walichapisha mwaka 1997 matokeo ya uchunguzi wa maelfu ya watu wazima. Walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, karibu 40 katika kila 100 walikuja kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani. Walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa kama 10 katika kila 100. Hii haina maana kwamba kila mtoto aliyeonja atapotea, maana mengine huenda yanatokana na nyumba aliyolelewa na mambo aliyopitia. Lakini ubongo wa binadamu huendelea kujengwa hadi miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kupima jambo kabla ya kulitenda. Kumnywesha mtoto ni kuichezea sehemu hiyo hiyo anayoihitaji ili siku moja aweze kusema, "Basi, imetosha."

Kwa hivyo kila mwaka tunaomsogeza mtoto mbele bila pombe ni faida. Usidharau kuchelewesha.

Mnazi tamu nao ni pombe

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hawapendi nilitaje. Mnazi.

Mnazi kwetu una heshima yake. Mgema hupanda asubuhi, akapanda tena jioni, na kwa jasho hilo watoto wengi wa Kwale wamelipiwa karo na kushonewa sare. Kwa Mijikenda mnazi umo kwenye mahari, umo kwenye vikao vya wazee, umo kwenye mila za kaya. Sijaja kumtukana mgema wala kuwafunza wazee mila. Nina maneno na mtu mzima anayemwambia mtoto, "Onja, hili tembo tamu, si pombe."

Ni pombe. Utomvu wa mnazi huanza kuchachuka ukiwa bado juu ya mti, kwa sababu chachu imo hewani na imo ndani ya kibuyu kile kile kilichotumika jana. Kinachoteremshwa asubuhi kikiwa kitamu, kufikia jioni ukali wake unakaribia wa bia. Huo utamu ndio unaomdanganya mtoto, maana ukali hausikii mdomoni. Mwili wake mdogo nao hauna pa kuigawa. Glasi inayomfanya mjomba wa kilo themanini acheke tu, kwa mtoto wa kilo ishirini na tano inaweza kumshusha sukari mwilini hadi akazimia.

Halafu kuna huku kutuma. "Chukua hili dumu, nenda mangweni, mwambie ni la baba, pesa nitamletea kesho." Mwaona ni dumu tu. Mimi naona darasa. Mtoto amejua njia ya mangweni, amejua bei, amejua kwamba akitaja jina la baba hapewi swali. Siku moja atakwenda bila kutumwa, na jina la baba litafanya kazi vile vile. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini safari nyingine aliyelitia maji ni huyo uliyemtuma, akifidia alichopiga njiani.

Kwa hivyo mabadiliko ya kwanza ninayoyaomba hayagharimu hata shilingi: mtoto asitumwe pombe, iwe mnazi, bia au kitu chochote chenye kileo. Anayetaka kunywa ana miguu yake. Na wewe mama unayeuza mnazi ili watoto wale, sikulaumu hata kidogo. Ninachokuomba ni kwamba wateja wakianza kukaa, watoto wawe upande wa pili wa boma au kwa nyanya yao. Wasizungushe glasi, wasioshe glasi, wasikusanye pesa. Mlevi akianza kumwambia bintiyo maneno, usingoje amalize.

Matanga, harusi na nyumba za kukodi

Disko matanga nyote mnaijua. Mtu amefariki, familia haina uwezo, vijana wanaleta spika na jenereta, muziki unalia hadi alfajiri, na watu wanatoa hela ili kuchangia mazishi. Hakuna mlango, hakuna anayeuliza umri, na nyuma ya nyumba kuna madumu. Mtoto ameruhusiwa na mama kwa sababu msiba ni wa ndugu. Utamkatazaje kwenda kulia na wenziwe? Kumbe huko kulia kumeisha saa mbili usiku, na saa nane usiku yeye bado yuko gizani, na waliomzunguka hawakuja kwa ajili ya marehemu. Mimba nyingi za wanafunzi tunazozililia baadaye zina usiku kama huo ndani yake.

Machifu wamekuwa wakizipiga marufuku, na zinarudi. Mwajua kwa nini? Kwa sababu marufuku huondoa muziki lakini haiondoi gharama ya mazishi. Familia bado inadaiwa jeneza, gari na chakula cha wageni. Mkitaka disko iishe, tatueni mchango. Kijiji kiwe na mfuko wa msiba ambao kila boma hutia kidogo kila mwezi, mweka hazina awe mtu mnayemwamini, na msiba ukitokea pesa zitoke siku hiyo hiyo. Waislamu wengi huzika mapema na gharama huwa ndogo, lakini nao wana arubaini na shughuli nyingine, na mfuko huo utawafaa. Mchango ukishapatikana mchana, usiku hauna kazi tena.

Harusini ni hivyo hivyo. Wenye shughuli wakubaliane mapema: kama kuna watakaokunywa, wakae wapi, nani asimame hapo, na watoto warudi nyumbani saa ngapi. Jamaa mmoja mwenye sauti apewe kazi hiyo, awe na ruhusa ya kumpokonya glasi mtoto wa yeyote bila mama mtu kununa.

Na nyinyi wa Diani na Galu mlio na nyumba za kukodisha kwa siku, hamjaepuka. Likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba ikifika, vijana huchanga pesa, mkubwa mmoja anakodi nyumba, bodaboda analeta chupa, na ndani wamejaa watoto wa shule. Mwenye nyumba akiulizwa husema alikodisha kwa mtu mzima. Haya, ni kweli, lakini ulipoona viatu kumi na tano mlangoni, vingine vya shule, ulidhani ni mkutano wa nini? Andika kwenye masharti kwamba walio chini ya miaka 18 waje na mzazi, na mlinzi awe na namba yako. Nawe ndugu yangu wa boda, ukipeleka chupa ukapokewa na mtoto, geuza pikipiki.

Sheria iko upande wako

Wengi wanadhani kumkataza mtoto pombe ni suala la malezi tu. Hapana, ni sheria ya nchi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliibatiza "Sheria za Mututho" kwa jina la mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho, inasema wazi kwamba asiyefika miaka 18 asiuziwe wala kupewa pombe. Haruhusiwi hata kuingia panapouzwa na kunywewa. Baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Saa za kawaida za baa ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Ukiona mahali wananywa saa nne asubuhi jirani na ukuta wa shule, usinung'unike tu, una haki ya kusema.

Na wa kumwambia wako karibu. Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, kwa hivyo leseni hiyo haikutoka Nairobi, ilitoka hapa Kwale. Inapofika wakati wa kutoa au kuongeza leseni, wazazi wa shule iliyo karibu wanaweza kupeleka malalamiko yao kwa maandishi. Barua iliyotiwa sahihi na wazazi thelathini ina uzito kuliko kelele za watu mia kwenye WhatsApp.

Huenda pia mmesikia habari za miaka 21. Tarehe 30 Julai 2025 serikali ilizindua sera ya kitaifa inayopendekeza umri wa kuruhusiwa pombe upandishwe kutoka 18 hadi 21. Hiyo ni sera, na sera haigeuki sheria mpaka Bunge lifanye kazi yake. Bishaneni mnavyotaka. Mimi nasema mtoto wa miaka 12 anayetumwa na dumu haguswi na tofauti ya 18 na 21. Yeye anamhitaji mtu wa kuacha kumtuma.

Nyumbani kwako

Sasa tufunge mlango, tuongee ya ndani.

Anza mapema. Usingoje awe na ndevu. Kabla hajafika miaka kumi awe ameshakusikia ukisema kuhusu pombe, tena si kwa hotuba. Mkipita karibu na mangwe, mwambie kwa ufupi: "Wale wanakunywa. Wewe hunywi, kwa sababu mwili wako bado unajengwa. Mtu akikupa, hata akiwa ami yako, sema hapana kisha uniambie." Basi, endeleeni na safari. Maneno machache yanayorudiwa kwa miaka mitano yanaingia kuliko kikao kimoja cha machozi.

Mpe maneno ya kukataa, maana mtoto hukubali mara nyingi kwa kukosa la kusema. "Siwezi, kesho nina mechi." "Mama hunusa mdomo wangu, mnamjua." Mwambie, "Nisingizie mimi mamako, hakuna ubaya. Afadhali waniite mkali kuliko wakulaze kichakani."

Wajue rafiki zake, na zaidi uwajue mama zao. Uwe na namba zao. Akisema analala kwa fulani, piga simu mbele yake, usifiche: "Mama fulani, hujambo? Huyu wangu anasema analala kwako leo, ni kweli?" Watoto huchukia sana jambo hili, nami nawaambia liendelezeni.

Wekeni saa ya kurudi. Wengine husema Isha, wengine saa mbili. Iwe moja, iwe inajulikana, na iwe sawa kwa mvulana na msichana. Hapo ndipo tunapokosea Pwani nzima: binti akichelewa dakika kumi nyumba inawaka moto, na kaka yake akirudi saa sita anawekewa chakula. Kisha tunashangaa anayelala mtaroni ni mvulana.

Na akina baba, naja kwenu kwa adabu. Kama unakunywa, hilo ni kati yako na Mola wako na ini lako. Lakini usinywee mbele ya watoto, usiwahadithie ulivyolewa Jumamosi huku unacheka, wala usimwite mwanao amfungulie mgeni chupa. Huwezi kumpiga mtoto kwa kukuiga.

Kisha jambo la mwisho la nyumbani, ambalo nadhani ndilo kubwa: mpe njia ya kurudi. Mwambie leo, akiwa mzima na hajafanya kosa, kwamba akijikuta mahali pabaya, amelewa au wenziwe wamelewa, apige simu nawe utamfuata, au utamtuma mtu unayemwamini. Usiku huo hakuna kelele wala fimbo. Mazungumzo ni kesho, akishakula. Na ukiahidi, timiza. Mtoto anayeogopa kipigo chako kuliko anavyoogopa giza atakaa gizani.

"Sisi kwetu ni haramu"

Najua wapo waliosoma mpaka hapa wakisema, "Hayo ni ya wengine. Sisi Waislamu, nyumba yetu haijawahi kuingia pombe." Alhamdulillahi. Vivyo hivyo wapo Wakristo ambao kanisa lao halitaki hata kuinusa. Dini ni kinga kubwa, na mtoto aliyekulia madrasa au shule ya Jumapili ana pa kushika.

Lakini aibu ina hatari yake. Katika nyumba ambayo pombe ni haramu na pia haitajwi, mtoto aliyejaribu mara moja hana wa kumwambia. Akisema, amekwisha: amemwaibisha baba msikitini, amemwaibisha mama kwa mawifi. Kwa hivyo hafungui mdomo. Analala kwa rafiki mpaka harufu iishe, anajifunza kutafuna pipi na kudanganya, na nyinyi mnakuja kujua miaka mitatu baadaye wakati mambo yameshakuwa mazito. Haramu na iwe haramu, mimi sina la kuongeza hapo. Ila mlango wa toba ambao Mungu ameuacha wazi, wewe mzazi usiufunge. Maimamu wetu, maustadhi na wachungaji, liongeleeni jambo hili mimbarini bila kumtaja mwana wa mtu, na mseme pia mtoto aliyeteleza anakwenda kwa nani.

Kijiji nacho

Mkono mmoja haulei mwana. Tunalisema sana, na tunalitenda kidogo. Kuna nchi ililitenda kwa dhati, nayo iko mbali sana na minazi: Aislandi. Mwaka 1998, vijana 42 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 huko walikiri kwamba walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Kufikia 2016 walikuwa 5 tu. Hawakufanya uchawi. Wazazi waliandikiana makubaliano ya shule kwa shule: hatutawapa watoto pombe, hatutawaachia nyumba tupu. Usiku wa wikendi walitembea mitaani kwa makundi, wakiwasalimia vijana na kuwarudisha nyumbani. Sheria ikaweka saa ya kuwa ndani: walio kati ya miaka 13 na 16 wasiwe nje baada ya saa nne usiku, na wakati wa kiangazi saa sita. Na serikali ikatoa pesa nyingi kwa michezo na muziki, ili kijana awe na pa kwenda kila jioni.

Mtasema wale wana pesa. Kweli, kwenye michezo walitumia pesa. Lakini makubaliano ya wazazi ni karatasi na kalamu, na kutembea usiku ni miguu. Haya mawili Msambweni inayaweza, Kinondo inayaweza, Lunga Lunga inayaweza. Mzee wa mtaa yupo, Nyumba Kumi zipo, kamati za wazazi shuleni zipo. Mkutano mmoja wa wazazi kabla ya likizo ya Desemba unatosha kukubaliana mambo manne: mtoto hatumwi pombe, saa ya kurudi ni moja kijiji kizima, shughuli yoyote ina mtu wa kuangalia watoto, na mzazi akimwona mtoto wa mwenziwe pabaya anampeleka nyumbani badala ya kumpiga picha.

Waiteni na wagema na wenye maduka ya vileo kwenye mkutano huo. Msiwaite kwa kuwashtaki. Nao wana watoto. Mgema akijua kwamba kijiji kizima kimekubaliana, ni rahisi kwake kumwambia mtoto, "Rudi, mwambie baba aje mwenyewe." Peke yake anaogopa kumpoteza mteja.

Na tusiwanyang'anye watoto kitu bila kuwapa kingine. Jioni ya kijana wa Kwale inahitaji uwanja wenye magoli, kikundi cha sengenya, mashindano ya kuogelea, kaswida. Kule Kilifi, shirika la Moving the Goalposts lilianza mwaka 2001 kwa kuwakusanya wasichana wacheze soka, na kupitia mpira likazungumza nao mambo ya afya na haki zao. Mpira una kocha, kocha ana macho, na mtoto anayesubiriwa uwanjani saa kumi jioni ana sababu ya kuwa timamu.

Kama tayari amekunywa

Ukimkuta amelewa, kwanza angalia uhai wake, adabu itangoja. Kama haamki ukimwita, anapumua polepole au kwa kukatikakatika, ngozi ni ya baridi, au anatapika huku hajitambui, hiyo ni dharura. Mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe, usimwache peke yake, usimpe kahawa, usimwogeshe maji baridi, usimlazimishe kutapika. Mpelekeni hospitali mara moja, iwe Msambweni, Kinango, Kwale mjini au kituo cha afya cha Diani. Mkidhani alikunywa pombe ya magendo, mwambieni daktari bila kuficha, hasa akilalamika kwamba haoni vizuri. Pombe ya aina hiyo hupofusha na huua. Februari 2024 iliua zaidi ya watu kumi katika kijiji kimoja cha Kirinyaga.

Kama ni mzima ila amelewa, mpe maji, mlaze, mkae naye. Kesho yake ndiyo siku ya kuuliza, na swali la kwanza liwe, "Alikupa nani?" kabla ya "Kwa nini ulikunywa?" Ukimpata aliyempa, nenda kwa huyo. Ikiwa ni mtu mzima aliyemlewesha binti au mvulana wako kwa nia nyingine, usimalize kwa kikao cha familia na mbuzi. Ripoti kwa polisi na kwa afisa wa watoto, au piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Na kama unywaji umeshakuwa mazoea, NACADA wana simu ya bure, 1192, utapata mshauri wa kuongea naye.

Na nyinyi wadogo zangu

Najua mnasoma pia, tena mlianzia hapa chini. Sikilizeni. Si kweli kwamba kila mtu anakunywa. Mnaona hivyo kwa sababu wanaokunywa wana kelele na wasiokunywa wamekwenda kulala. Anayekununulia pombe leo bila sababu, anajua sababu yake. Ukikataa ukachekwa, utachekwa siku tatu, kisha watapata mwingine wa kucheka. Na kama umeshaanza na unaona huwezi kuacha, hujaharibika. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, shangazi, mwalimu, ustadhi au nyanya, umwambie wiki hii.

Nanyi wakubwa, msisubiri semina. Leo jioni, kama kuna dumu linalotakiwa kujazwa, mwenye kiu ajiendee mwenyewe. Jumamosi hii mpigie simu mama mmoja wa rafiki wa mwanao mjuane. Na kabla shule hazijafunga, mwambie mzee wa mtaa aitishe mkutano, ukiona anachelewa uuitishe wewe. Watoto ni wetu, mnazi ni wetu, na dawa ya jambo hili tunayo sisi wenyewe.